Ukitaka kumtizama Anna Magnani, anza na sauti

Kabla hujaifungua filamu ya Anna Magnani, mwigizaji wa Kiitaliano, angalia mambo mawili: sauti iwe ya Kiitaliano, na picha isivutwe. Runinga za siku hizi ni pana, na filamu zake za miaka ya 1940 zina umbo la kukaribia mraba. Ukiiacha runinga ijaze kioo, uso unatandazika kama chapati. Ingia kwenye mpangilio wa picha, chagua 4:3, na weusi wa pembeni uache ulivyo.

Sauti ndiyo khasa. Italia ya wakati ule ilizoea kutia sauti baada ya kupiga picha, na mara nyingi mdomo wa huyu ulisemewa na mwengine. Mwigizaji Claudia Cardinale alicheza filamu kadhaa kabla watu hawajaisikia sauti yake. Lakini Magnani alikuwa mtu wa jukwaa, na sauti usikiayo ni yake mwenyewe. Alizaliwa Roma tarehe 7 Machi 1908, akalelewa na bibi yake mzaa mama, na wakati wa Vita Vikuu vya Pili alikuwa akiimba na kuchekesha jukwaani pamoja na mchekeshaji Totò. Sauti yake nzito, ina mikwaruzo. Aliyemzoea Bi Kidude hatashangaa.

Anza na Roma città aperta (1945). Ukiona midomo na maneno yanapishana, usilaumu waya wala faili: mwongozaji Rossellini hakuwa na fedha, sehemu kubwa akaipiga bila ya sauti, maneno yakatiwa baadaye. Magnani ni Pina, mja mzito, na siku hiyo ndiyo ya harusi yake. Wajerumani wanamchukua mchumba wake kwenye lori. Pina anachomoka, anakimbia nyuma ya lori mkono juu, anapigwa risasi. Hakuna muziki wa kukuandaa. Na filamu haijafika mwisho!

Mkiitizama uwanjani kwa projekta, ukuta uliopakwa chokaa ni bora kuliko shuka, maana upepo wa kusi huifanya shuka kuwa tanga. Picha iinueni juu, la sivyo vichwa vya waliokaa mkekani vitaziba maandishi ya tafsiri.

Halafu Bellissima (1951) ya mwongozaji Visconti, niipendayo kuliko zote. Mama apitaye nyumba kwa nyumba kudunga sindano anamhangaikia binti yake aingie sinema. Mwisho anachungulia kwenye kidirisha cha chumba cha projekta, anawaona wakubwa wakimcheka mtoto anavyolia. Tizama uso wake pale.

Oscar aliipata 1956, mwanamke wa kwanza wa Italia kuitwaa ya mwigizaji bora, kwa The Rose Tattoo, hadithi ambayo Tennessee Williams, mwandishi wa tamthilia wa Marekani, aliiandika akimfikiria yeye. Kiingereza chake kizito, lakini ni chake.

Mamma Roma (1962) msiiweke barazani mbele ya wazee. Magnani ni malaya anayetaka kuacha kazi hiyo, na filamu inafunguka kwa yeye kuingiza nguruwe karamuni, kwenye harusi ya watu.