Nilivyopata kuku wapole wanaolihimili joto la Dar

Kuku wetu wa kwanza alikufa Jumapili moja ya Februari, saa nane mchana, mikononi mwa binti yangu wa miaka saba. Alikuwa Brahma, kuku mkubwa mwenye manyoya mpaka vidoleni, na alikuwa mpole mno. Mtoto alikuwa akimbeba mgongoni kwa kanga kama mdogo wake. Hakuwa anaumwa, asubuhi alikula vizuri. Ilipofika adhuhuri tukamkuta mdomo wazi, anatweta, mbawa kaziachia mbali na mwili, na bati la banda letu hapa Goba halishikiki kwa moto. Tulimlowanisha miguu, tukampepea. Hatukumuwahi.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimejiandaa. Mwezi mzima nilisoma kuhusu kuku wa kuanzia kwenye familia yenye watoto, na kila niliposoma nilikutana na majina yaleyale: Orpington, Brahma, Cochin, Wyandotte. Ni kuku wapole kweli. Lakini wanaowasifu kuku hao wengi wanaishi kwenye theluji, na wanachokitafuta ni kuku wa kuvumilia baridi: manyoya mazito, mwili mnene, na upanga, ile nyama nyekundu ya kichwani, uwe mdogo na uliolala ili usigande. Orpington alitokea Kent, Uingereza, mwaka 1886. Kule manyoya yale ni blanketi. Kwangu Februari blanketi hilohilo ndilo linalomuua.

Nikajifunza upya, safari hii kwa kumwangalia kuku mwenyewe. Kuku hatoi jasho. Mwili wake una joto la nyuzi 41 hivi, na analipunguza kwa kuhema na kwa kupitisha damu sehemu zisizo na manyoya: upanga, ndevu, miguu. Kwa hiyo kila sifa niliyoisoma nikaigeuza. Palipoandikwa upanga mdogo, mimi nikatafuta mkubwa uliosimama. Palipoandikwa manyoya mengi, nikatafuta machache. Upole peke yake ndio sikuugeuza.

Jirani yetu mmoja, mzee wa makamo anayefuga kuchi, alinisaidia sana. Nilimwamkia, nikamwomba ushauri, nami nilishawatamani kuchi wake, warefu, wenye shingo kama askari. Akanikatalia mwenyewe. "Mwanangu, huyu joto analiweza, lakini huyu ni wa vita. Watoto wako wadogo. Tafuta kishingo, na kuku wa Malawi."

Kishingo ni yule kuku wa shingo tupu. Siku ya kwanza binti yangu alirudi nyuma, akauliza kama anaumwa. Nikamwambia kazaliwa hivyo, shingo yake ndiyo dirisha lake. Manyoya yake ni pungufu hata mwilini, si shingoni tu, na ukimshika unahisi joto linatoka moja kwa moja. Kuku wa Malawi naye ni Australorp mweusi, uzao wa Orpington uliofanyiwa kazi Australia. Kule, mwaka 1922 hadi 1923, matetea sita walitaga mayai 1,857 kwa siku 365. Tabia ya utulivu aliichukua, manyoya yale mazito hakuyachukua yote. Weusi wake unavuta jua, hilo ni kweli, kwa hiyo lazima awe na kivuli cha kutosha. Sasso na Kuroiler pia niliwafikiria. Wanakua haraka na wanakula sana. Kwa familia inayotaka mayai na utulivu sikuona haja.

Sikununua sokoni. Kuku wa sokoni Dar wanatoka mikoa mingi, Singida, Dodoma, wamekaa pamoja kwenye matenga, na kideri, ule ugonjwa wa kuambukiza wa kuku, husafiri nao. Nilikwenda kwa mfugaji, nikachukua matetea wa miezi miwili waliokwisha kuchanjwa, maana kulea vifaranga wa siku moja kwa taa na makaa si kazi ya kuanzia.

Sasa namna nilivyochagua. Nilichuchumaa ndani ya banda lake, kiganja wazi chini, punje chache za mtama juu yake, nikakaa kimya. Mwanzo wote walikimbilia kona. Baada ya muda akaja mmoja, akageuza kichwa kuniangalia kwa jicho moja, akadonoa, akarudi nyuma, akaja tena. Huyo nikamwekea alama ya uzi mguuni. Aliyebaki kona nusu saa nzima sikumchukua, hata akiwa mzuri wa rangi. Kila mwenye uzi nilimbeba kifuani. Aliyepiga mbawa kidogo kisha akatulia, nilimchukua. Aliyeendelea kupiga kelele, nilimrudisha. Nilitoka na sita: wanne wa Malawi, wawili kishingo. Jogoo sikununua, mayai ya kula hayamhitaji, na majirani wanalala karibu.

Banda nililibadilisha kabla hawajafika. Bati nililifunika kwa makuti, kuta mbili nikazifanya wavu ili upepo upite, chini nikatandika maranda. Maji nayaweka kwenye chungu cha udongo, kwenye kivuli, na mchana nayabadilisha. Chakula nawapa alfajiri na jioni, kwa sababu kumeng'enya chakula kunaongeza joto mwilini. Chanjo ya kideri ni tone moja la jicho kila baada ya miezi mitatu, na tarehe nimeiandika ukutani kwa chaki. Watoto wanajua sharti: ukimshika kuku, unanawa kwa sabuni kabla ya kugusa kitu kingine.

Mwaka huu Februari imepita. Kila mchana nilikuwa natoka kuwaangalia, moyo juu. Wa Malawi walihema, wakajikusanya chini ya mwembe. Kishingo walikuwa wamelala ubavu kwenye udongo wenye ubaridi, shingo nyekundu zimenyooshwa, wamefumba macho. Sikupoteza hata mmoja. Mayai yalipungua wiki mbili, yakarudi. Binti yangu sasa anambeba kishingo mmoja mgongoni kwa kanga ileile.

Dada yangu anaishi Makete, ambako Julai asubuhi umande unaganda juu ya majani. Aliona picha, akataka nimpelekee kishingo kwa ajili ya wanawe. Nimemkatalia. Nimemwambia huyo baridi ya kwenu itamuumiza, mtafutie mtoto Orpington au Brahma, na upanga mkubwa usiutake. Tumezungumza jana usiku. Amepata wawili, wa rangi ya dhahabu, na anasema wanalala miguuni pa watoto jikoni.