Hariri inayogandishwa kwa nuru

Kinachonivuta katika uchapaji wa maumbo madogo mno ya hariri si udogo wake, bali ni kwamba kishikizi kimo tayari ndani ya uzi wenyewe. Fibroini, protini ambayo kiwavi wa Bombyx mori huitumia kufuma kifukofuko chake, ina tairosini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini, kiasi cha asilimia 5, na tairosini mbili zilizo jirani, zikichochewa na rangi inayonasa nuru, hushikana bila kupachikwa kemikali nyingine.

Kwanza uzi sharti urudishwe kuwa kimiminika. Vifukofuko huchemshwa kwa nusu saa hivi katika maji yenye kabonati ya sodiamu, ndugu wa magadi tunayotia kwenye maharage, ili itoke serisini, ule ute unaoshikanisha nyuzi. Kisha nyuzi huyeyushwa kwa bromidi ya lithiamu, na chumvi hiyo huondolewa polepole kwa maji safi.

Hapo ndipo leza inapoingia. Katika tasnifu yake ya udaktari huko Göttingen, Ujerumani, iliyochapishwa mwaka 1931, mwanafizikia Maria Göppert-Mayer alionyesha kwa hesabu kwamba molekuli moja yaweza kumeza fotoni mbili, yaani chembe mbili za nuru, kwa mpigo mmoja. Uwezekano huo hufuata kipeo cha pili cha ukali wa nuru: ukali ukiongezeka mara 10, uwezekano huongezeka mara 100. Ndiyo maana mwali wa leza ya mapigo mafupi mno hupenya kimiminika bila kukigeuza, ukakigandisha pale tu unapokusanyika, na kitone hicho kikisogezwa huku na huku, umbo hujengeka ndani ya kimiminika chenyewe. Kwa njia hiyo watafiti wa Japani walitengeneza mwaka 2001 fahali wa resini mwenye urefu wa mikromita 10 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), akiizidi kidogo tu chembe nyekundu ya damu.

Faida ya hariri, kwa maoni yangu, ni maji: kazi yote ya kuchapa yaweza kufanyika majini, jambo lenye uzito mkubwa kwa yeyote anayetaka kukuza seli hai juu ya umbo hilo. Kinachonitia wasiwasi ni kasi. Mchemraba wa milimita moja una vitone bilioni moja vya mikromita moja moja. Leza ikigandisha vitone 10,000 kwa sekunde, itahitaji takribani saa 28. Kwa hiyo naitarajia njia hii zaidi katika lenzi ndogo na vitanda vya seli chache kuliko katika gegedu la goti.