Mstari mmoja ukibadilika, orodha nzima isiguswe

Wiki iliyopita nilikuwa nikishughulikia orodha ya programu ya simu ambayo mtumiaji hubadilisha idadi ya bidhaa papo hapo, ndani ya mstari wenyewe. Niliandika 4 kwenye mstari wa tatu, nikaisogeza orodha, na ile 4 nikaikuta kwenye mstari wa kumi na tano, ambao sikuwa nimeugusa kabisa.

RecyclerView, sehemu ya Android inayoonyesha orodha, haitengenezi umbo jipya (kile kinachoonekana kwenye skrini) kwa kila mstari. Umbo lililotoka nje ya skrini hurudishwa kazini likabeba data ya mstari unaoingia, na mimi nilikuwa nimeiacha namba ikae kwenye kisanduku cha kuandikia badala ya kuihifadhi kwenye data. Nilipoihamishia kwenye data tatizo hilo liliisha, lakini likazuka lingine lililonisumbua zaidi: kila herufi iliyoandikwa ilikuwa ikiita notifyDataSetChanged, amri ya kuonyesha upya orodha nzima, ili jumla ya mstari ihesabiwe upya, na hapo hapo kishale cha kuandikia kilipotea na kibodi ikajifunga. Hakuna mtu anayeweza kuandika 125 kwa utulivu katika hali hiyo.

Nilidhani notifyItemChanged ingetosha, kwa kuwa inataja mstari mmoja tu. Haikutosha, kwa sababu Android, isipoelezwa vinginevyo, huonyesha badiliko kwa kufifisha umbo la zamani huku ikileta umbo jingine mahali pake, na kishale kilikuwa ndani ya lile la zamani. Dawa ni kuipa amri hiyo kigezo cha pili kinachoeleza kilichobadilika, kwa mfano jumla peke yake. Umbo lile lile hubaki, nami huandika upya sehemu ya jumla bila kukigusa kisanduku ambacho mtu anaandikia. Kwenye iPhone, tangu iOS 15 ya mwaka 2021, reconfigureItems hufanya kazi inayofanana na hiyo.

Anayetumia DiffUtil, zana ya Android ya kutafuta kilichobadilika kwenye orodha, akumbuke kwamba inalinganisha orodha mbili, ya zamani na mpya. Ukibadilisha kitu kile kile kilichomo ndani ya orodha ya zamani, pande zote mbili zitaonekana sawa na skrini haitabadilika. Tengeneza nakala ya kitu hicho yenye thamani mpya.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kuutambua mstari kwa kitambulisho chake, wala si kwa nafasi yake. Programu ikituma badiliko kwa seva, jibu la seva linaweza kufika baada ya mtumiaji kufuta mstari wa juu, na hapo nafasi ya 3 tayari ni ya bidhaa nyingine. Hata kitambulisho kikilingana, mimi huangalia kwanza iwapo mtumiaji bado anaandika kwenye mstari huo. Akiwa bado anaandika, thamani ya seva naiweka kando mpaka atakapotoka kwenye kisanduku.