Kuprinti vikombe: ushauri niliopewa na kilichokubali kweli

Naandika hii kwa sababu nimechoka, kila mtu akiuliza anaanzaje kuprinti vikombe anajibiwa "nunua mashine tu, mengine utayajua mbele ya safari". Jamani! Mashine ndo kitu cha mwisho cha kukuumiza kichwa, yenyewe inapata moto na inabana, basi. Kinachokula hela ni vikombe vyenyewe na wino, na hapo ndo watu walinipa ushauri ambao hata adui sitampa.

Wa kwanza ulitoka kwa aliyeniuzia karatasi, zile unazoprintia picha kwanza alafu unaibandika kwenye kikombe na kuipiga moto: kikombe chochote cheupe kinakubali. Hakuna kitu kama hicho. Wino wa sublimesheni ukipata joto la nyuzi 180 hadi 200 hivi unageuka mvuke moja kwa moja bila kuyeyuka kwanza, na ule mvuke unazama kwenye koting ya polista, yaani utando wa plastiki uliopakwa juu ya kikombe. Kikombe cha kawaida hakina hiyo koting, kwa hiyo mvuke hauna pa kuingia, picha inatoka imepauka na ukiisugua na sifongo inaondoka na povu. Na kwa macho huwezi kutofautisha, vyote vinang'aa! Siku hizi kila boksi jipya likija natoa kimoja, nachukua kipande cha karatasi kilichobaki kwenye kazi ya zamani nakibandika pale karibu na kitako, napres, alafu nakwangua na ukucha. Ikishika, boksi zima linaingia kazini. Isiposhika linarudi lilikotoka na maneno yangu mawili matatu juu.

Ushauri wa pili ndo kiboko. Eti kama huna mashine tumia pasi ya nguo. Nikasema sawa, twende. Sasa fikiria, kikombe ni mviringo na pasi ni bapa, kwa hiyo kinachogusana ni kamstari kembamba tu, inabidi uviringishe kikombe pole pole huku umekandamiza, na kila ukisogea mbele kule nyuma kunapoa. Nimevaa soksi mkononi badala ya glavu, kikombe nimekilaza juu ya taulo, mkono mmoja pasi mkono mwingine nimeng'ang'ania mshikio, jasho linanitoka, karatasi nayo ikaanza kuteleza na mimi nang'ang'ana tu kwa sababu mtaalamu kasema. Kubandua, picha imetoka kama punda milia aliyenyeshewa, huku wino umekolea huku weupe mtupu, na yule mtu kwenye picha ana macho matatu maana karatasi ilipoteleza mvuke ukachapa tena pembeni. Kile kikombe naweka kalamu, na kuna mteja alikiona akataka chake kiwe "dizaini kama hiyo". Nikamwambia hiyo imeisha.

Basi nikachukua ile mashine ndogo ya kubana kikombe kimoja. Yangu nyuzi 180 kwa kama dakika tatu inatosha, yako inaweza kutaka zaidi kidogo, usikariri namba za mtu, angalia rangi: nyeusi ikitoka ya kahawia umeunguza, picha nzima ikiwa imefifia umewahi kutoa. Ila ukiona sehemu moja tu imefifia, hasa juu au chini, hapo shida sio moto, ni mbano haujafika. Ndo maana mimi siweki kitu cha maana pembeni kabisa, kikombe cha kawaida cha aunsi 11 nakifanyia dizaini ya kama sentimita 20 kwa 9 na sura za watu nazikalisha katikati.

Printa usikurupuke. Nyingi za wino za Canon na HP zinachemsha wino ili utoke, na wino wa sublimesheni hautaki kuchemshwa humo ndani, za Epson zinausukuma bila moto ndo maana watu wengi wanatumia hizo. Chukua ambayo haijawahi kuwekwa wino wa kawaida. Na hata kama huna kazi printi kitu chenye rangi zote kila baada ya siku chache, la sivyo wino unakauka kwenye kichwa cha printa na utalia. Kugeuza picha kabla ya kuprinti, kulia iwe kushoto kama kwenye kioo, hilo sielezi. Ikitoka kwenye karatasi imepooza usishtuke, rangi zinaamka kwenye moto.

Sasa hii hapa ndo najivunia, na hakuna aliyenifundisha. Kupanga karatasi iwe sawa kwenye kikombe kulikuwa kunanitesa, inapanda upande mmoja maandishi yanakuwa kama yanateremka mlima. Nikaanza kukata karatasi iwe na kimo kilekile cha kikombe, alafu nakigeuza kikombe mdomo chini juu ya meza, ukingo wa karatasi nao unagusa meza, nazungusha tu inajipanga yenyewe. Naivuta ibane, tepu inayovumilia joto pande zote mbili za mshikio, imeisha hiyo. Ila futa kikombe kwanza na kitambaa kisichotoa nyuzi, kavumbi kadogo tu kanaacha doa.

Kitu kingine watu hawasemi: mteja akishika kikombe kwa mkono wa kulia, picha anayoiona yeye siyo wanayoiona wa mbele yake. Muulize anataka nani aione, au weka pande zote mbili umalize maneno. Na vikombe vyeusi msiniulize, huu wino hauna rangi nyeupe, weupe wote unaouona kwenye picha ni wa kikombe chenyewe.

Picha nayo mwambie aitume WhatsApp kama dokumenti, akiituma kama picha inabanwa, ukiikuza uso unakuwa viboksi viboksi. Mimi nikipokea ya hivo siprinti, namwambia atafute ile ya mwanzo kwenye simu iliyopiga. Hana? Namwekea jina lake kwa herufi kubwa, na wengi wao wanarudi kuagiza mengine.