Hodi kabla ya kengele: safari zangu za Baruti hadi Kariakoo

Naishi Kimara Baruti, jijini Dar es Salaam, na kazi yangu iko Kariakoo, kwenye duka la vitambaa. Nilipochoka kubanana kwenye basi kila asubuhi, nilinunua baiskeli ya mtumba, ile ya Kijapani yenye kikapu mbele, nikaanza kupita njia ya pembeni ya Barabara ya Morogoro, iliyojengwa pamoja na mradi wa mabasi ya mwendokasi ulioanza kubeba abiria Mei 2016. Ni kilomita 10 na ushei. Njia yenyewe ni nzuri, lakini si ya baiskeli peke yake. Wanafunzi wanaitumia, akina mama lishe wanaitumia, wenye maguta na mikokoteni pia. Hata pale palipotengwa upande wa baiskeli, watu wanatembea wanavyoona panafaa, nami siwalaumu, kwa sababu upande wao mara nyingi umejaa meza za biashara.

Miezi ya kwanza niliendesha kama mtu aliyechelewa. Kengele yangu ilikuwa na sauti kali na niliipiga mfululizo. Watu wakiruka pembeni niliona mambo yanakwenda sawa.

Siku moja, saa 1 kasoro asubuhi, karibu na Magomeni Mapipa, mbele yangu alikuwa mama mmoja mwenye beseni la maandazi kichwani. Nilimkaribia sana ndipo nikapiga kengele. Alishtuka, akageukia kulia, upande ule ule niliokuwa napitia. Nilikamata breki zote mbili, tairi la mbele likasimama kwenye ukingo wa khanga yake. Yeye hakuumia, ila beseni lilianguka na maandazi yakatapakaa chini. Watu wakasogea. Mimi nilisimama pale mikono inatetemeka, maana mgongo wake ulikuwa wa umri wa mama yangu mzazi.

Hakunitukana. Aliniuliza, "Mwanangu, nyumbani kwako mtu akiingia bila hodi unamwitaje?" Sikuwa na jibu. Maandazi yalikuwa 60 ya shilingi 200, nikamlipa 12,000, nikamwomba radhi, nikamsaidia kuosha beseni kwenye bomba la jirani. Lile swali lake nilibaki nalo mpaka Kariakoo.

Kesho yake nikaanza kupiga hodi, hodi ya mdomo kabisa.

Mtu unamjua kwa namna anavyogeuka. Nikipiga kengele, anayetembea mbele anaruka kwanza, halafu ndipo anaangalia. Nikisema "Hodi, napita," anageuza kichwa kwanza. Wengine wanajibu "Karibu," wengine "Pita tu," na wakishajibu huwa wameshaamua wanasogea wapi. Mimi nakwenda pale walipoacha wazi.

Lakini hodi nayo ina wakati wake. Ukiipiga ukiwa umeshafika mgongoni, ni kengele nyingine tu. Nilijaribu umbali mbalimbali mpaka nikapata kipimo kinachonifaa: nusu ya nafasi iliyopo kati ya nguzo mbili za taa za barabarani. Hapo mtu anasikia, anafikiri, anasogea, na kama hakusikia bado nina nafasi ya kupunguza mwendo. Ninaposema hodi, vidole viko kwenye breki tayari. Breki zenyewe nilizipeleka kwa fundi abadilishe raba, kwa sababu zilikuwa zinapiga kelele zikikamata, na kelele hiyo ilikuwa inawashtua watu kuliko kengele.

Kosa moja lilinichukua muda kuligundua. Nilikuwa nasema, "Hodi, napita kulia." Nilidhani nawapa taarifa kamili. Kumbe mtu anayeshtukizwa analishika lile neno la mwisho tu, "kulia", na miguu yake inaelekea huko huko. Niliwahi kukutana na vijana watatu pale kituo cha Kagera, wote wakahamia kulia kwa pamoja kama wameamrishwa. Tangu hapo sitaji upande. Nasema napita, nasubiri kuona bega linaelekea wapi.

Kwa wazee nilianza na "Shikamoo mzee" badala ya hodi, nikiona ndiyo adabu zaidi. Adabu ni kweli, ila mzee akisikia shikamoo kutoka nyuma anasimama katikati ya njia na kugeuka mwili mzima aone ni nani anayemwamkia. Ndiyo heshima yake, na mimi ndiye niliyemsababishia. Sasa hodi inatangulia, shikamoo inafuata nikiwa nimeshafika ubavuni kwake, mwendo wa kutembea. Anaitikia "Marahaba" huku anaendelea na safari yake.

Kuna watu ambao hodi haiwafikii. Mwenye vipokea sauti masikioni, kwa mfano, na asiyesikia kabisa. Zamani nilimwona kila asiyesogea kuwa mkaidi, mpaka nilipomkuta bwana mmoja karibu na kituo cha Usalama ambaye nilimpigia kelele mara tatu, na mwenzake aliyekuwa mbele kidogo akarudi na kunieleza kwa upole kwamba ndugu yake ni kiziwi. Niliona aibu ambayo bado naikumbuka. Asiyegeuka sasa namfuata taratibu mpaka njia ipanuke. Pakiwa pembamba, nashuka. Na kwa asiyeona, mwenye fimbo nyeupe, nazungumza kwa sentensi nzima: "Habari za asubuhi, niko nyuma yako na baiskeli, endelea hivyo hivyo, mimi nakuzunguka." Yeye ndiye asiyetakiwa kubadili chochote, na nampa nafasi kubwa, maana fimbo yake inatangulia mbele na kwenda kushoto na kulia.

Watoto ni kusimama. Wanafunzi wa shule ya msingi wanatembea wameshikana mikono, ghafla mmoja anachomoka kukimbilia mwenzake. Kwao hakuna hodi wala hesabu ya nguzo itakayosaidia.

Vituo vya mwendokasi nimeviwekea sheria yangu mwenyewe. Kituo kiko katikati ya barabara, abiria wanavuka kwenye pundamilia kwenda na kurudi, na basi likionekana linakuja watu wanakimbia. Macho yao yako kwenye basi. Hawakuoni na hawawezi kukuona. Kwa hiyo asubuhi nikifika Manzese Tip Top na Manzese Argentina nashuka na kukokota baiskeli mpaka nipite umati. Ubungo, chini ya daraja, nashuka pia. Mteremko wa kutoka Kimara kuja Ubungo, ambao zamani niliuachia baiskeli iende yenyewe, sasa naushuka breki zikiwa mkononi, kwa kuwa mwendo wa pale hauzuiliki ndani ya nusu nguzo.

Yote haya yana gharama. Safari iliyokuwa dakika 40 imekuwa 50. Nilichofanya ni kutoka nyumbani mapema. Na mbio sikuziacha kabisa: kuna kipande cha Jangwani, baada ya Mapipa kuteremkia bonde la Msimbazi, ambako siku za kiangazi watembea kwa miguu ni wachache na upepo unapiga vizuri. Pale nakanyaga pedeli nitakavyo mpaka kilima cha kupandia kituo cha Fire. Msimu wa mvua ni habari nyingine. Bonde likijaa maji njia hufungwa kabisa, na hata sehemu nyingine kuna madimbwi. Kwenye dimbwi lenye mtu pembeni napita mwendo wa konokono, kwa sababu mtu aliyevaa nguo za kazini hana pa kubadilisha.

Jioni inahitaji uvumilivu zaidi. Mwezi wa Ramadhani, saa 12 ikikaribia, kila mmoja ana mfuko wa futari na anawahi nyumbani, na njia nzima inakuwa ya watu. Siku hizo sihesabu dakika. Taa yangu ya mbele nimeiinamisha imulike chini, hatua chache mbele ya tairi, baada ya dada mmoja kuniambia kwamba ikimpiga usoni haoni tena mahali pa kukanyaga.

Bodaboda wanaopanda kwenye njia hii foleni ikiwa kubwa wananiudhi sana. Honi zao zikinilia mgongoni naruka vilevile alivyoruka yule mama. Nimeshaongea na baadhi yao kwenye kijiwe chao cha Baruti, wawili wamenielewa, wengine bado, na nitaendelea kuwaambia.

Yule mama wa maandazi bado anapita asubuhi, na hodi yangu anaijua. Kila Ijumaa namnunulia maandazi 5 ya kwenda kunywea chai dukani.

Mwezi uliopita mpwa wangu wa miaka 16 alipata baiskeli yake ya kwanza. Jumapili asubuhi nilitoka naye Baruti mpaka Ubungo, yeye mbele, mimi nyuma. Breki alizimudu, nguzo alizihesabu sawasawa, ila hodi yake ilikuwa ya kunong'ona, anaona haya kupaza sauti mbele ya watu. Mara nne watu hawakumsikia, na mara zote nne alisimama akasubiri. Tulipofika kituo cha Kibo alikutana na bibi mmoja mwenye kuni, akajikaza, akapaza sauti: "Hodi bibi, napita!" Bibi akageuka akamwangalia, akasogeza mzigo wake upande wa majani, akamwambia, "Pita, mjukuu wangu."