Kutafuta mlio wa besi: kumbukumbu ya miezi mitatu na gitaa moja

18 Januari

Jana usiku tulipiga kwenye harusi Mbagala, na kwa mara ya tatu mfululizo mwimbaji wetu aligeuka katikati ya wimbo akaniuliza kwa mkono: besi iko wapi? Amplifaya ilikuwa karibu na mwisho. Mimi niliyesimama mbele ya spika nilihisi suruali inatikisika. Yeye, hatua sita mbele yangu, alikuwa anasikia mvumo tu. Noti hakuna.

Nyumbani mlio huu naupenda. Chumbani, peke yangu, nikishusha sauti za kati na kupandisha za chini na za juu, besi inajaa kama maji kwenye ndoo. Ndiyo maana nimeumia. Kitu ninachokipenda saa kumi jioni kinapotea saa nne usiku, tena mbele za watu.

Basi naanza daftari hili. Gitaa langu ni kopi ya Jazz Bass, gitaa la besi la Fender, nyuzi nne, pikapu mbili (zile sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi), halina betri ndani. Nililinunua Kariakoo likiwa limeshatumika. Amplifaya ni ya wati 100, spika moja ya inchi 12. Ninachokitafuta ni mlio wa besi wa bendi za dansi zilizorekodi Radio Tanzania miaka ya 1970 na 1980: mnene, mfupi, kila noti unaihesabu.

19 Januari

Nimekaa asubuhi nzima na redio ndogo ya betri mbili, kipindi cha zilizopendwa, nikijiuliza swali moja. Spika ya redio hii ni ndogo kuliko kiganja changu. Kwa nini besi ya zamani inasikika humu, na yangu haisikiki kwenye spika ya inchi 12?

Uzi wa E ukiachwa wazi unatetemeka mara 41 kwa sekunde. A ni 55, D ni 73, G ni 98. Hii redio haina uwezo wa kutoa mtetemo wa 41, wala haikaribii. Lakini uzi hautoi mtetemo mmoja. Pamoja na 41 unatoa 82, 123, 164 na kuendelea juu, na sikio likizipata hizo za juu linaijenga lenyewe ile ya chini. Noti ya besi inabebwa na sauti za kati. Zile zile ambazo mimi nilikuwa nazikata chumbani ili mlio uwe mtamu!

Ukumbi wa jana ulikuwa wa bati juu na saruji chini. Kumbi za namna hiyo zinazidisha sauti za chini kabisa mpaka zinaungana kuwa ngurumo, na ngoma ya mguu ya drams nayo inaishi huko huko. Nilichokuwa nakiongeza ni ngurumo.

Leo nimerudisha kitufe cha chini kidogo kabla ya nusu, cha kati nimekipandisha kupita nusu, cha juu nimekiacha. Chumbani mlio huu ni mbaya. Unakwaruza, una pua. Nitavumilia mpaka mazoezi ya Jumamosi.

25 Januari

Mazoezini umefanya kazi. Mpiga ridhimu amesema anasikia ninapobadilisha kodi (mkusanyiko wa noti unaobeba wimbo), jambo ambalo hajawahi kuniambia. Ila sauti za kati zilipopanda, uchafu nao umepanda: mvumo wa umeme unasikika kila tunaponyamaza.

2 Februari

Mvumo. Nimeupa Jumapili nzima, na nimegundua kitu ambacho sikukifikiria kabisa. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde. Noti ya G kwenye freti ya tatu (freti ni vile vyuma vinavyokata shingo ya gitaa) ya uzi wa E ni hezi 49. Yaani mvumo wa umeme unakaa karibu kabisa na G! Nikipiga G hiyo nikaiacha ilie, inapanda na kushuka taratibu, kama mara moja kwa sekunde, kwa sababu noti na mvumo vinagombana. Nyimbo zetu nyingi ziko kwenye G au C, na muda wote huo nilidhani gitaa lina freti mbovu pale.

Dalili ya pili: kwa kawaida ukigusa nyuzi kwa mkono mvumo hupungua, kwa sababu nyuzi zimeunganishwa na ethi kupitia daraja, kile chuma zinapoishia nyuzi kwenye mwili wa gitaa. Langu halibadiliki, niguse nisiguse. Nikafungua daraja. Ule waya mwembamba unaopita chini yake umeliwa na kutu mpaka umekatika. Jasho na hewa ya chumvi ya Dar havina huruma na shaba.

Fundi redio wa mtaani kwetu ameulehemu kwa dakika kumi. Ndani ya tundu la pikapu na la vitufe nimebandika foili ya jikoni. Foili ya alumini haishiki lehemu kirahisi, kwa hiyo waya wa ethi nimeubana juu yake kwa skrubu. Na hakikisheni foili haigusi mguu wenye moto wa jeki (tundu la kuchomekea waya wa amplifaya), la sivyo gitaa litakuwa bubu. Nimelipata hilo kwa vitendo, nikarudia kufungua.

Pikapu mbili zikifunguliwa sawasawa zinafutana mvumo, kwa kuwa zimesukwa kinyume. Tatizo ni kwamba zinafutana pia sehemu ya sauti za kati, na hizo ndizo ninazozihitaji. Sasa kwa kuwa mvumo umeshuka, naweza kuitumia pikapu ya mbele, ile iliyo karibu na shingo, peke yake. Hapo ndipo unene unapoanza.

16 Februari

Leo nimekwenda Temeke kwa mzee mmoja aliyepiga besi kwenye bendi za dansi miaka ya 1980. Nilimbebea gitaa langu na rekodi ya simu ya mazoezi yetu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Lete nisikie.”

Akasikiliza nyimbo mbili bila kusema kitu. Kisha akaomba gitaa, akapitisha dole gumba juu ya nyuzi taratibu, zikalia *zzzip*.

“Hizi nyuzi mpya?”

“Za mwezi wa kumi na moja, mzee.”

“Mpya hizo. Sisi seti moja ilikaa mwaka, miaka miwili. Nyuzi zilikuwa hazipatikani. Mwenye ndugu nje ndiye aliyebadilisha. Zikichoka sana tunazichemsha kwenye sufuria, zinapata uhai wa siku chache, tunarekodi, zinalala tena.”

Nimekaa kwenye daladala nikilitafakari hilo. Mlio ninaoutafuta, angalau sehemu yake, ni mlio wa nyuzi zilizochoka, miaka ile ambayo bidhaa za nje zilikuwa adimu madukani. Na upande mwingine wa dunia kuna mtu aliyeufikia mlio wa jamii hiyo kwa hiari yake: James Jamerson, mpiga besi wa Motown kule Detroit. Alipiga Precision Bass, besi nyingine ya Fender, ya mwaka 1962 yenye nyuzi bapa, zile zilizovingirishwa utepe laini badala ya waya wa mviringo, na alijulikana kwa kutozibadilisha mpaka zikatike. Chini ya kifuniko cha daraja alikuwa na kipande cha sponji kinachozuia nyuzi zisilie muda mrefu. Mkono wa kulia alitumia kidole kimoja, cha shahada. Detroit kwa kupenda, Dar kwa kukosa, na wote wakatua sehemu moja: noti nene isiyo na mng'aro, inayokufa mapema.

Lakini mzee alinipa jambo lingine zito kuliko nyuzi. Nilipompigia kipande cha chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka watu wacheze, alinishika kiganja cha kushoto.

“Noti ina mwanzo na ina mwisho. Wewe unazianzisha, halafu unaziacha zijifie zenyewe. Ukiinyanyua, ngoma inapata nafasi. Mtu anacheza kwenye ile nafasi.”

17 Februari hadi mwisho wa mwezi

Mazoezi ya mkono wa kushoto tu. Metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye 90 kwa dakika, noti moja kila pigo, kuikata nusu ya pigo, kisha robo tatu, kisha mwisho kabisa bila kugusa noti ya pili. Inachosha kuliko nilivyodhani. Hakuna la kuandika zaidi ya hilo.

8 Machi

Mfungo umeanza, kazi za ukumbi zimepungua, ni wakati mzuri wa kulifungua gitaa. Binamu yangu anayefanya kazi Muscat amenitumia seti ya nyuzi bapa kwa mtu aliyekuwa anarudi. Unene ni ule wa kawaida, 45 hadi 105, yaani kama milimita 1.1 kwa G na 2.7 kwa E. Gharama imefika karibu shilingi 150,000, zaidi ya mara mbili ya nyuzi nilizozoea. Kwa nyuzi zitakazokaa miaka, sioni hasara.

Kabla ya kukata uzi bapa, ukunje kwanza pembe mraba pale utakapoingia kwenye kigingi, ndipo ukate. Ukikata uzi ulionyooka, ule utepe unaweza kufumuka na uzi ukafa palepale.

9 Machi

Nyuzi bapa zinavuta kwa nguvu zaidi. Asubuhi nimekuta shingo imepinda kuelekea mbele na nyuzi zimenyanyuka juu. Nimepima hivi: nimebana uzi wa E freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, uzi wenyewe ukawa rula, nikatazama nafasi iliyopo kati yake na freti ya 8. Kupima nimeazima filagaji kwa fundi magari wa jirani, vile vibati vyembamba anavyopimia nafasi ya valvu. Imesoma zaidi ya milimita 0.5. Mimi nataka 0.3.

Ndani ya shingo kuna chuma, na nati yake inakazwa kwa kifunguo cha pembe sita. Robo mzunguko, si zaidi, kisha nikatyuni upya nikaliacha gitaa mpaka jioni. Mbao haipendi haraka. Jioni 0.4. Robo nyingine kesho.

11 Machi

0.3. Sasa urefu wa nyuzi kwenye daraja: freti ya 17, E milimita 2.4, G milimita 2. Wapo wanaoshusha zaidi ili vidole viende kasi. Nimejaribu, nikarudisha. Uzi ukiwa chini mno unagonga freti kila ukiuchapa, na ule mgongano unakula mwanzo wa noti. Nyuzi bapa zinahitaji hewa.

Mwisho nikapima uzi mmoja mmoja freti ya 12, nikilinganisha noti iliyobanwa na mlio wa kuugusa uzi tu palepale bila kuubana. E ilikuwa juu kidogo, nikarudisha nyuma kile kipande cha daraja kinachoubeba. A vilevile. D na G ziko sawa.

15 Machi

Sponji. Nimekata kipande kwenye kona ya godoro la zamani, upana wa vidole viwili, nikakisokomeza chini ya nyuzi karibu na daraja. Kikiwa kinene, besi inakuwa kama kugonga mlango. Nimekipunguza kwa mkasi mara nne mpaka kikagusa nyuzi bila kuzisukuma juu. Nikapiga kwa dole gumba juu ya pikapu ya mbele, nikarekodi kwa simu, nikasikiliza kwenye ile redio ndogo kwa waya.

Ulikuwepo. Nimeusikiliza mara sita nikiwa nimesimama.

5 Aprili

Tumepiga jana, harusi ya kwanza baada ya Idi, ukumbi uleule wa Mbagala. Amplifaya nimeiweka juu ya kiti badala ya sakafuni ili sakafu isiongeze ngurumo. Kitufe cha sauti kilikuwa nusu tu. Mkono wa kulia nimeulegeza na kuiachia amplifaya kazi ya nguvu, kwa sababu uzi bapa ukichapwa kwa hasira hautoi kingine zaidi ya kishindo.

Mwimbaji hakugeuka. Katika chemko la wimbo wa tatu, mpiga drams aliacha pigo moja la mguu, mimi nikanyanyua noti papo hapo, na kwa nukta moja ukumbi mzima ulikuwa kimya kabla hatujaingia tena pamoja. Akina mama waliokuwa mbele walipiga vigelegele pale pale kwenye kimya.

Kasoro nilizoziandika usiku: uzi wa G unasikika mkali kuliko wenzake, nitashusha pikapu upande wake nusu milimita. D freti ya tano inakwaruza kidogo, na mvua za masika zimeanza, kwa hiyo nitapima shingo tena kabla ya kuigusa freti. Jumapili nampelekea mzee gitaa asikie.