Visanduku vya barua msituni: soma, pima, ndipo uiname

Wengi wanaotoka msituni mikono mitupu hawakushindwa kutafuta. Walifika mahali pasipo sahihi, wakaanza kupekua. Ukijikuta unainua kila jiwe na kuchungulia kila kisiki, kosa lilishatokea nyuma, na dawa yake ni kurudi kwenye alama ya mwisho uliyokuwa na hakika nayo.

Kwa asiyeujua mchezo huu wa kutafuta visanduku vya barua: mtu anaficha kisanduku kisichoingia maji, chenye muhuri wa raba na daftari, kisha anaandika maelekezo ya kukifikia. Anayekipata anagonga muhuri wa kisanduku kwenye daftari lake, anagonga muhuri wake mwenyewe kwenye daftari la kisanduku, anaandika tarehe na jina lake la mchezoni, na kurudisha kila kitu kilivyokuwa. Hakuna vitu vya kubadilishana. Chanzo chake ni Dartmoor, kusini-magharibi mwa Uingereza, ambako mwaka 1854 James Perrott wa Chagford, aliyekuwa akiwaongoza wageni, aliacha chupa mahali paitwapo Cranmere Pool ili wanaofika huko waache kadi zao. Baadaye watu wakawa wanaacha barua na postikadi, na anayefuata anazichukua kwenda kuzituma. Marekani mchezo ulishika kasi baada ya makala ya jarida la Smithsonian mwaka 1998.

Kazi kubwa hufanyika kabla ya kutoka nyumbani. Soma maelekezo yote hadi mwisho, maana sentensi ya tano mara nyingi ndiyo inayofafanua ya pili. Yafuate kwenye ramani kwa kidole, uone urefu wa njia na mahali pa kugeukia. Yachapishe au yanakili kwenye karatasi; mtandao msituni si wa kutegemea, na simu iliyozimika haina maelekezo. Angalia pia yaliandikwa lini. Maelekezo ya miaka 10 iliyopita huenda yanataja mti ulioanguka, au njia ambayo alama zake zimepakwa rangi nyingine.

Tuchukue mfano: “Kutoka daraja la mbao, fuata alama za njano hadi kijito cha pili. Usivuke. Kwenye jiwe refu kuliko mtu, nyuzi 140, hatua 35, hadi mti wenye mashina matatu. Tazama upande usioonekana kutoka njiani.”

Mtego wa kwanza ni kijito. Wakati wa kiangazi kijito cha kwanza kinaweza kuwa mfereji mkavu uliojaa majani, ukaupita bila kuuhesabu, kisha ukasimama kwenye kijito cha tatu ukidhani ni cha pili. Hesabu mabonde, usihesabu maji. Na maelekezo yakitaja ukingo wa kushoto au wa kulia, kawaida ni kwa mtu anayeelekea maji yanakotiririkia. Kama mwandishi hakusema, chunguza kingo zote mbili.

Mtego wa pili ni nyuzi, yaani digrii za mwelekeo kwenye dira. Shika dira mbele ya kifua, imelala sawa, mbali na simu, kisu na chochote chenye chuma au sumaku. Zungusha duara lenye namba hadi 140 ikae kwenye mstari wa mwelekeo, kisha geuka wewe na mwili wako wote mpaka ncha nyekundu ya sindano iingie kwenye mshale wa kaskazini uliochorwa ndani ya duara. Sasa inua macho, chagua mti ulio kwenye mstari huo, uendee, halafu chagua mwingine. Usitembee huku umeikodolea macho dira: utakwepa kichaka kushoto, utakwepa kingine kushoto tena, na mstari utakuwa umehama bila wewe kujua. Ukifika, geuka utazame ulikotoka. Jiwe linapaswa kuwa kwenye nyuzi 320, yaani 140 ukijumlisha 180. Ni ukaguzi wa nusu dakika, na sioni sababu ya kuuruka. Kosa la nyuzi 5 tu kwenye umbali wa mita 100 linakutupa karibu mita 9 pembeni, na mita 9 kwenye msitu mnene ni mbali.

Kaskazini nayo si moja. Sindano inaelekea kaskazini ya sumaku. Ramani imechorwa kwa kaskazini ya kweli au ile ya gridi, yaani ya mistari ya miraba iliyochorwa juu yake. Kuna maeneo tofauti hiyo inafika nyuzi 15 au zaidi. Mwandishi aliyesimama kwenye jiwe na dira mkononi ametoa nyuzi za sumaku, kwa hiyo zitumie zilivyo, usirekebishe. Aliyezipima kwenye ramani ametoa nyingine. Dira ya kwenye simu kwa kawaida ina mahali pa kuchagua kaskazini ipi itumike, basi pakague kabla ya kuondoka.

Mtego wa tatu ndio unaowapoteza wengi: hatua. Wapo waandishi wanaohesabu kila mguu unapogusa ardhi, na wapo wanaohesabu mguu mmoja tu, kulia hadi kulia. Hatua 35 za aina ya kwanza ni kama mita 25. Za aina ya pili ni kama 50. Ndiyo maana alama ya mwisho ina uzito kuliko namba. Simama kwenye mita 25 utafute mti wenye mashina matatu; kama haupo, endelea kwenye mstari uleule hadi 50. Jua pia hatua zako mwenyewe. Pima mita 100 kwenye ardhi tambarare, zitembee mara kadhaa kwa mwendo wako wa kawaida, uchukue wastani. Watu wazima wengi hupata hatua za jozi, yaani za kulia hadi kulia, 60 hadi 70. Mlimani na penye vichaka hatua hufupika, kwa hiyo idadi itaongezeka.

Ukifika kwenye mti, usiiname kwanza. Zunguka polepole ukitazama tu. Msitu hauvipangi vitu vyake, kwa hiyo tafuta kilichopangwa: vijiti vitano vyenye urefu mmoja vimelala sambamba juu ya shimo la mzizi, gome lililosimamishwa kama mlango, jiwe lenye kuvumwani upande wa chini na udongo mkavu upande wa juu. Jiwe la namna hiyo limegeuzwa na mkono wa mtu. Kabla ya kuingiza mkono kwenye tundu lolote, lichokoe kwa fimbo, kwa sababu nyoka na nyigu nao hupenda mahali pakavu palipofichika. Suruali ndefu iliyochomekwa kwenye soksi itapunguza kupe.

Ukikipata, angalia vizuri kilivyolala kabla ya kukiondoa: kifuniko upande gani, nini kilikifunika na kwa mpangilio gani. Kisha kichukue ukae kando, hatua kadhaa mbali, ili majani ya maficho yasikanyagwe na mpita njia asione unachofanya. Mtu akikaribia, keti upumzike kama msafiri yeyote hadi apite.

Kugonga muhuri kuna ufundi wake. Muhuri uliochongwa kwa mkono mara nyingi ni mkubwa kuliko pedi ya wino, kwa hiyo ulaze uso juu, uugongegonge kwa pedi mpaka rangi ienee. Wino ukianza kukauka, upulizie pumzi ya moto mara moja kabla ya kuugandamiza. Weka daftari juu ya kitu kigumu, bonyeza wima na sawasawa, usiuyumbishe, la sivyo kingo zitatoa kivuli. Wino mzito huchelewa kukauka na huchafua ukurasa wa pili, kwa hiyo weka kipande cha karatasi katikati. Futa muhuri kwa kitambaa chenye unyevu, kisha uukaushe kabisa.

Sasa kufunga, ambako ndiko visanduku vingi hufia. Muhuri na daftari huwa kila kimoja kwenye mfuko wake wa plastiki wenye zipu, hewa imetolewa. Kona ya mfuko au jani moja likibanwa kwenye mpira wa kifuniko, maji yatapita hapo, na baada ya mvua chache daftari litakuwa uji. Pitisha kidole kuzunguka mpira wote kabla ya kubana. Usiache chakula wala kitu chenye harufu ndani. Wanyama hutafuna plastiki kwa kufuata harufu. Kirudishe palepale, hata kama unaona pembeni pana maficho bora zaidi, kwa sababu maelekezo yameandikwa kwa hapo. Kifunike kwa vilivyoanguka chini tu, bila kung’oa mmea wala kuchimba.

Ukikuta daftari limelowa au kifuniko kimepasuka, mwarifu aliyekificha. Usipokiona kabisa, mweleze ulianzia wapi, ulihesabu hatua za aina gani na uliishia kwenye alama ipi. Hapo ndipo atajua kama kisanduku kimepotea au mti wake wenye mashina matatu umebaki na mawili.